Meya wa jiji jipya: kura yako inafika wapi, Dodoma, Masaka au Nakuru?

Rais akishatangaza kwamba manispaa fulani sasa ni jiji, vigelegele vinapigwa, mabango ya ofisi yanabadilishwa, na vijiwe vyote vinaanza kubishana meya wa kwanza atakuwa nani. Ubishi huo unaruka hatua moja. Kabla ya kujua nani, inafaa kujua anapatikanaje, maana katika jambo hili Tanzania, Uganda na Kenya zimepishana kabisa. Kwetu Tanzania meya anachaguliwa na madiwani. Uganda anachaguliwa na wananchi moja kwa moja. Kenya hakuna meya, hata jiji liwe jipya kiasi gani.

Nimeziweka nchi hizi tatu pamoja kwa ajili ya wasomaji wa aina mbili. Wa kwanza anaishi kwenye jiji jipya na anataka kujua nguvu zake za uchaguzi azimalizie wapi. Wa pili, mji wake bado uko kwenye foleni: Moshi, ambayo imeitaka hadhi hiyo kwa miaka mingi, au Entebbe, Kabale, Moroto, Nakasongola na Wakiso, ambazo Bunge la Uganda liliziweka kwenye orodha ya 2020 lakini zikabaki nyuma wenzao walipoanza. Huyu wa pili ana nafasi ya kusema anautaka mfumo upi kabla hajapewa wowote.

Tanzania: kura yako inaishia kwenye kata

Dodoma ilipandishwa hadhi tarehe 26 Aprili 2018, siku ya Muungano, Rais John Magufuli akitangaza mbele ya umati Uwanja wa Jamhuri. Hakuna mkazi aliyeitwa kituoni kupiga kura. Baraza la madiwani lililokuwapo liliendelea na kazi, safari hii likiwa na jina kubwa zaidi.

Ndivyo sheria inavyotaka. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982, meya anachaguliwa na wajumbe wa baraza kutoka miongoni mwa madiwani wenyewe, naye anakaa miaka mitano. Naibu wake anachaguliwa upya kila mwaka. Kwa hiyo huwi meya kabla hujawa diwani. Profesa Davis Mwamfupe, aliyeliongoza baraza la Jiji la Dodoma, alipitia mlango huohuo anaopitia muuza mkaa: fomu ya udiwani, chama, kata, kisha ndipo ukumbi wa baraza.

Uchaguzi wenyewe ni shughuli ya saa chache. Madiwani wanakula kiapo, karatasi zinagawiwa, zinakusanywa na kuhesabiwa palepale, na aliyeshinda anavishwa joho na mkufu. Mwananchi anapata habari kwenye simu, mara nyingi pamoja na picha ya joho ambalo halijamkaa vizuri mabegani kwa sababu lilishonwa kwa kipimo cha aliyemtangulia.

Sasa tazama hesabu. Dodoma ilihesabiwa watu 765,179 katika sensa ya 2022. Jiji lina kata 41. Jumlisha madiwani wa viti maalumu, ambao kisheria hawapungui theluthi moja, na wabunge wanaoingia barazani, utaona kwamba kura thelathini hivi zinatosha kumpata meya. Na kura hizo hazina mjini wala shamba. Diwani wa Hombolo Bwawani, ambako watu wanalima zabibu, ana kura moja, na diwani wa Viwandani, katikati ya maduka, ana kura moja vilevile. Mtu wa mjini anaweza kuliona hilo ni dhuluma. Mimi naliona ni moja ya mazuri machache ya mfumo huu, kwa sababu jiji jipya karibu kila mara linameza vijiji vilivyolizunguka, na bila mpango wa namna hii vijiji hivyo vingekumbukwa siku ya kulipa kodi ya majengo tu.

Ubaya wake uko kwingine. Pale ambapo chama kimoja kina karibu viti vyote, uchaguzi wa meya unakuwa umekwisha kabla ya kikao. Chama kinachuja majina, madiwani wake wanapigiana kura kwa ndani, na kinachofanyika ukumbini ni kukamilisha taratibu. Na pale ambapo vyama vinakaribiana, ndipo mambo yanapochacha, kwa sababu kura moja ya mjumbe mmoja inageuza kila kitu, na kila upande unaanza kuuliza nani hasa ni mjumbe.

Arusha ndiyo somo la jambo hili. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2010, CCM na CHADEMA zilikuwa zinafukuzana kwa idadi ya madiwani. Uchaguzi wa meya ulifanyika Desemba, Gaudence Lyimo wa CCM akatangazwa mshindi, na CHADEMA ikaukataa. Hoja yao kubwa ilikuwa mbunge wa viti maalumu aliyepitia mkoa wa Tanga kuruhusiwa kupiga kura kwenye baraza la Arusha. Tarehe 5 Januari 2011 maandamano ya kupinga uchaguzi huo yalikabiliwa na polisi kwa risasi, na watu wakafa. Mwaka huohuo CHADEMA iliwafukuza uanachama madiwani wake watano waliofikia mwafaka na upande wa pili. Mwaka 2012 Arusha ikawa jiji, huku jeraha hilo bado bichi. Sanduku la wananchi wote lisingezuia ugomvi wa kisiasa, lakini ugomvi juu ya mjumbe mmoja wa kutoka mkoa mwingine usingekuwapo kabisa.

Dar es Salaam nayo ilirudia mkasa wa jamaa moja. Baada ya uchaguzi wa 2015 uchaguzi wa meya wa jiji uliahirishwa zaidi ya mara moja, tena kwa mabishano ya nani ana haki ya kupiga kura, hadi Machi 2016 Isaya Mwita wa CHADEMA aliposhinda. Januari 2020 baraza likamng'oa. Februari 2021 lenyewe lile baraza likavunjwa na serikali, na Manispaa ya Ilala ikapewa hadhi ya jiji. Waliompa kazi ni wajumbe, waliomnyang'anya ni wajumbe, na mkazi wa Mbagala alikuwa mtazamaji mwanzo hadi mwisho.

Kuna mtu wa tatu ambaye kila ulinganisho wa umeya lazima umtaje: mkurugenzi wa jiji. Huyu anateuliwa na Rais, ndiye mtendaji mkuu, na ndiye afisa masuuli, yaani fedha zinatoka kwa sahihi yake. Meya anaongoza vikao na kusimamia maazimio. Baraza likigomea bajeti linaweza kumkwamisha mkurugenzi, lakini haliwezi kumfukuza.

Uganda: unampigia kura mwenyewe, halafu?

Aprili 2020 Bunge la Uganda lilipitisha orodha ya majiji mapya, na Julai mwaka huo kundi la kwanza likaanza: Arua, Gulu, Jinja, Fort Portal, Mbarara, Mbale na Masaka. Hoima, Lira na Soroti nazo zikaingia kabla ya uchaguzi, yakawa majiji kumi nje ya Kampala. Tarehe 20 Januari 2021, siku sita baada ya uchaguzi wa rais na wabunge, wakazi wa majiji hayo walikwenda kuchagua meya wao wa kwanza wa jiji kwa kura ya siri.

Faida ya njia hii ilionekana mara moja. Masaka ilimchagua Florence Namayanja, aliyewahi kuwa mbunge, na Jinja ikamchagua Peter Okocha Kasolo, wote wa NUP, chama cha upinzani. Serikali kuu ilikuwa mikononi mwa NRM, na bado hakuna aliyeweza kusema kwamba meya wa Masaka kapatikana kwa hila ya akidi au kwa mjumbe wa kuazima. Jambo jingine ambalo kwetu halipo: Uganda inaruhusu mgombea binafsi. Tanzania bila chama hupati hata fomu ya udiwani.

Lakini usiishie kwenye sanduku la kura. Kila moja ya majiji hayo kumi liligawanywa katika divisheni mbili, na kila divisheni ina meya wake na baraza lake. Gulu ina Bardege-Layibi na Laroo-Pece. Masaka ina Kimaanya-Kabonera na Nyendo-Mukungwe. Maana yake mji mmoja una mameya watatu waliochaguliwa na wananchi, na kila mmoja anaweza kukuonyesha kwamba mtaro wako ulioziba ni wa mwenzake. Juu yao kuna kamishna mkazi wa jiji anayeteuliwa na rais, na pembeni kuna karani wa jiji, mtumishi wa umma ambaye baraza halikumwajiri, ndiye mwenye sahihi ya fedha. Fahali hawa hawapungui watano, zizi ni moja.

Kampala ndiyo inayoonyesha mwisho wa barabara hiyo. Sheria ya 2010 iliunda Mamlaka ya Jiji la Kampala (KCCA), ikabakiza meya anayechaguliwa na wakazi, lakini madaraka ya utendaji ikampa mkurugenzi mtendaji anayeteuliwa na rais. Erias Lukwago alishinda umeya 2011 kwa kura za wananchi, na tangu siku za mwanzo akawa anavutana na mkurugenzi Jennifer Musisi. Novemba 2013 madiwani walipiga kura ya kumwondoa, yeye akakimbilia mahakamani, mambo yakavurugika kwa miaka. Wananchi walimrudisha 2016 na tena 2021. Halafu Agosti 2024 lundo la taka la Kiteezi liliporomoka na kuua zaidi ya watu 30. Waliofutwa kazi na Rais Museveni mwezi uliofuata ni mkurugenzi mtendaji Dorothy Kisaka na wenzake wawili. Meya hakuguswa, kwa sababu jalala halikuwa chini yake. Ukiwa mpiga kura wa Kampala uliyekasirishwa na Kiteezi, karatasi yako ya kura haikuwa na jina la mtu wa kumwajibisha.

Majiji mapya hayako chini ya sheria ile ya Kampala. Yanaongozwa kwa sheria ya kawaida ya serikali za mitaa, ambako meya wa jiji ana ngazi sawa na mwenyekiti wa wilaya na anaunda kamati yake ya utendaji. Hilo linampa meya wa Mbarara au Lira uzito ambao meya wa Kampala hakuwa nao.

Kenya: jiji lipo, meya hayupo

Msomaji wa Tanzania anayehamia Nakuru kikazi huuliza ofisi ya meya iko wapi, na jibu humshangaza. Kenya ilikuwa na mameya, tena waliochaguliwa na madiwani kama wetu. Kisumu ilipotangazwa jiji mwaka 2001 ilikuwa na meya. Katiba ya 2010 ikaleta kaunti, na baada ya uchaguzi wa Machi 2013 umeya ukafutika. George Aladwa ndiye aliyekuwa meya wa mwisho wa Nairobi.

Badala yake ipo Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011. Jiji linasimamiwa na bodi isiyozidi watu 11 na meneja wa jiji anayeajiriwa kwa ushindani. Wajumbe wa bodi wanateuliwa na gavana na kupitishwa na bunge la kaunti, na baadhi yao hutokana na mapendekezo ya makundi kama wataalamu, wafanyabiashara, sekta isiyo rasmi na vyama vya wakazi. Sheria hiyo mwanzoni ilitaka mji uwe na watu 500,000 ndipo uitwe jiji. Marekebisho ya 2019 yakashusha hadi 250,000. Bila marekebisho hayo Eldoret, iliyohesabiwa watu 475,716 mwaka 2019, isingepita. Nakuru, yenye 570,674, ingepita kwa vyovyote. Nakuru ilipewa hati ya jiji na Rais Uhuru Kenyatta tarehe 1 Desemba 2021, na Eldoret na Rais William Ruto tarehe 15 Agosti 2024.

Kwa hiyo ukiwa Nakuru, mtu unayempigia kura na ambaye ana mkono kwenye jiji ni gavana. Shida ni kwamba gavana huyo anachaguliwa na kaunti nzima. Kaunti ya Nakuru ina majimbo 11, na moyo wa mji uko kwenye mawili, Mashariki na Magharibi. Mgombea anaweza kuizunguka Molo, Kuresoi, Njoro, Naivasha, Gilgil na Subukia akiahidi barabara za mashambani na bei ya maziwa, akashinda vizuri bila kutamka neno moja juu ya maji taka ya mjini. Eldoret imekatwa vibaya zaidi: mji umetawanyika katika majimbo ya Turbo, Kapseret na Ainabkoi, kila moja likiwa na mashamba yake nyuma. Susan Kihika alipomshinda Lee Kinyanjui Agosti 2022, jiji lilikuwa na umri wa miezi minane, nalo likabadilishiwa mkuu kwa kura ambazo nyingi hazikutoka ndani yake.

Sifa yake? Meneja. Pamoja na upungufu wote, nafasi hiyo inatangazwa, watu wanaomba, wanasailiwa. Tanzania mkurugenzi tunamsikia kwenye taarifa ya Ikulu.

Kwa haraka

| | Dodoma | Masaka | Nakuru |
|---|---|---|---|
| Anayechagua meya | Madiwani | Wakazi wote | Hakuna meya |
| Mgombea binafsi | Haruhusiwi | Anaruhusiwa | Anaruhusiwa kwa ugavana |
| Mwenye sahihi ya fedha | Mkurugenzi, mteule wa Rais | Karani wa jiji, mtumishi wa umma | Meneja, chini ya bodi na kaunti |
| Kura yako iliyo karibu zaidi na jiji | Udiwani | Umeya wenyewe | Ugavana |

Ningechukua upi

Kama ningekaa kwenye kikao cha mji ulio kwenye foleni na kuulizwa, ningesema hivi: kura ya Masaka, meneja wa Nakuru. Wakazi wote wachague meya mmoja, siyo watatu, na mtendaji aajiriwe kwa ushindani na jiji lenyewe, ili baraza liwe na uwezo wa kumwondoa akiboronga. Ile sauti ya kata za pembezoni niliyoisifu Dodoma haitapotea, kwa sababu madiwani bado watakaa barazani na bajeti itapita mikononi mwao.

Wapo wanaodai kura ya moja kwa moja ni ghali na inaleta meya wa jukwaani, msemaji hodari asiyejua kusoma bajeti. Gharama ni kweli, ingawa inapungua sana karatasi ikiongezwa siku ambayo watu wako kituoni tayari. Hilo la jukwaani silinunui. Baraza la madiwani nalo limewahi kutuletea mameya ambao hata jukwaani hawawezi.

Ukilazimika kuchukua mfumo mzima kama ulivyo bila kuchanganya, bado ningechukua wa majiji mapya ya Uganda. Wa Kenya ningeuweka wa mwisho kwa mji ulio ndani ya kaunti kubwa yenye mashamba mengi, lakini Mombasa, ambako kaunti na jiji ni kitu kimoja, hauna tatizo hilo: gavana pale ni meya kwa kila kitu isipokuwa jina.

Wengi wetu lakini hatuulizwi. Tuna mfumo tuliopewa, na swali ni kuutumia. Ukiwa Uganda, usimpigie meya kura ukamwacha peke yake. Kama madiwani wa jiji na meya wa divisheni yako wote ni mahasimu wake, umemtuma vitani bila silaha. Muulize pia kwenye kampeni taka zinachukuliwa na ofisi ipi, yake au ya divisheni. Anayejibu bila kusita anaijua kazi. Ukiwa Nakuru au Eldoret, Agosti 2027 wagombea ugavana watapita mtaani kwako kama wanavyopita kila mahali. Muulize kila mmoja ataipa bodi ya jiji fungu gani na vyama vya wakazi vitapendekeza nani. Halafu nenda kwenye yale mabaraza ya wananchi ambayo sheria ya miji inayataka. Viti vingi huwa vitupu, na mtu anayefika mara kwa mara ndiye jina lake linalokumbukwa wakati wa mapendekezo.

Ukiwa Dodoma, Arusha, Mbeya, Tanga au Mwanza, umeya wako unaanzia kwenye udiwani, na mara nyingi kabla ya kampeni, kwenye kura za maoni za chama. Mgombea wa udiwani akija kibarazani kwako muulize mbele za watu: ukifika ukumbini utampa nani umeya, na kwa sababu gani? Atacheka, atasema muda bado. Muulize tena, na iwe kabla ya kura za maoni, kwa sababu akishateuliwa hana tena sababu ya kukujibu.